Mkono Mmoja Haulei Mwana

Maneno yaliyosemwa barazani mbele ya machifu, wazee, walimu na akina mama



Habari yetu si ngeni, maana kila mmoja wetu amelelewa, na wengi wenu mmelea. Twataka kusema juu ya mama mwenye kazi nyingi na watoto wadogo, na juu ya misaada iliyo karibu naye katika nchi yetu ya Kenya, ambayo mara nyingi haimfikii.

Mtazameni mama huyo. Huamka kabla ya jua kuchomoza, akateka maji, akawasha moto, akawapikia watu wa nyumbani. Kisha hushika jembe akaenda shamba, au hujitwika mzigo akaenda sokoni. Jua likitua, bado atafuta kuni. Na katika kazi hizo zote ana mtoto mgongoni na mwingine ashikaye nguo yake. Mtoto akikosa chanjo, watu husema mama ni mzembe. Lakini tukiuliza vema, twaona ya kuwa siku ya kliniki iliangukia siku ya kupalilia, wala hapakuwa na mtu wa kumshikia jembe. Wahenga walisema, "Mkono mmoja haulei mwana." Basi mikono mingine i wapi? Hilo ndilo swali letu, na jawabu lake lawapasa wanaume waliokaa hapa sawasawa na wanawake.

Msaada wa kwanza mama anao mwenyewe, nao ni maziwa yake. Matabibu wa ulimwengu wamekubaliana ya kuwa mtoto apewe maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6, bila maji wala uji. Kisha aongezewe chakula, huku akiendelea kunyonya hata afike miaka 2 au zaidi. Mama aendaye kazini aweza kukamua maziwa katika chombo safi chenye kifuniko, akayaacha mahali penye ubaridi, nayo yatumiwe kabla ya saa 4 kupita. Anyweshwe mtoto kwa kikombe kidogo, kwa maana chupa ni ngumu kusafisha na hubeba maradhi. Tena mama aliyeajiriwa ana haki yake. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Walimu wakuu mlio hapa, mnao walimu wanawake chini yenu. Chumba kidogo chenye kiti, mlango na maji ya kunawa chatosha.

Mtoto akifikisha miezi 6, uji wake uwe mzito wa kukaa kijikoni, usiwe maji matupu. Utiwe karanga zilizosagwa, au unga wa dagaa, au maziwa. Tumbo la mtoto ni dogo, na uji mwepesi hulijaza bila kumpa nguvu.

Msaada wa pili ni kijitabu cha kliniki. Wengi hukidhani kuwa ni cheti tu cha kuonyesha mlangoni. Yafaa mjue asili yake. Tangu mwaka 1956 daktari Mwingereza, David Morley, alifanya kazi Ilesha katika nchi ya Nigeria, akaona watoto wengi wakidhoofika pole pole bila mtu kutambua. Akatengeneza kadi yenye mstari wa kuonyesha uzito wa mtoto mwezi kwa mwezi, na kadi hiyo akampa mama aiweke nyumbani. Akina mama wakazitunza kadi zao vizuri, na njia hiyo ikaenea katika nchi nyingi. Basi kijitabu hicho ni mali ya mama. Mstari ukipanda, mtoto akua. Ukilala au kushuka, kuna jambo, hata kama mtoto bado acheka.

Ndani yake mna siku za chanjo. Mtoto hupata za kwanza akizaliwa. Kisha akiwa na majuma 6, majuma 10 na majuma 14. Na ile ya surua akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Hii ya miezi 18 ndiyo isahauliwayo sana, kwa kuwa mtoto amekwisha tembea na mama amekwisha rudi katika kazi zake zote. Na tangu miezi 6 mpaka atimize miaka 5 mtoto hupewa vitamini A kila baada ya miezi 6.

Msaada wa tatu ni maji ya chumvi na sukari yatokayo katika pakiti ya zahanati. Hapa twaomba msikilize kwa makini, maana kuhara humwua mtoto kwa kumkausha maji mwilini, na huweza kumwua kwa muda mfupi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi walivuka mpaka wakaingia India, kipindupindu kikawashika. Katika kambi ya Bangaon dawa ya maji itiwayo mishipani ilipokuwa yapungua, daktari Dilip Mahalanabis alichanganya chumvi na sukari katika maji, akayaweka katika mapipa, akawaambia jamaa za wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Kabla ya hapo katika kila wagonjwa 100 walikufa kama 30. Baada ya hapo hawakutimia 4. Wauguzi wengi katika kazi hiyo walikuwa ni mama, shangazi na ndugu.

Dawa hiyo leo imo katika zahanati zetu. Itiwe katika maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti, maana nyingine ni za lita 1 na nyingine za nusu lita. Ukikosea kipimo umeharibu dawa. Mtoto aliye chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila aharapo, pole pole. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha uanze tena. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Pamoja na hayo hupewa vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, navyo vimalizwe hata kama kuhara kumekoma. Wala asinyimwe ziwa wala chakula. Lakini mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, au atapikaye kila kitu, au aliyeshikwa na degedege, au alegeaye asiamke, huyo asingojewe nyumbani hata saa moja, apelekwe hospitali.

Msaada wa nne ni wahudumu wa afya wa vijijini. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwapa wahudumu wapatao 100,000 mikoba ya vifaa ili waende nyumba kwa nyumba. Wanao ukanda wa rangi wa kupimia mkono wa mtoto aliye kati ya miezi 6 na miaka 5. Ukionyesha rangi ya kijani, salama. Ya manjano, mtoto aangaliwe. Nyekundu, yaani chini ya sentimita 11 na nusu, ana utapiamlo mkali na apelekwe kutibiwa mara moja. Kipimo hicho ni chepesi hata mama aweza kufundishwa kukifanya mwenyewe mlangoni pake. Chifu amjue mhudumu wa kila kijiji kwa jina, na barazani amsimamishe watu wamwone.

Sasa twafika kwenye jambo la tano, nalo ndilo zito kuliko yote. Mama akienda shamba, nani humshika mtoto? Sote twajua. Ni dada yake, msichana wa miaka 8 au 9. Mwalimu aita majina asubuhi, akaona kiti kitupu, akaandika kwamba hakuja. Msichana yule yuko nyumbani, amembeba mtoto karibu kulingana naye kwa ukubwa, karibu na moto na kisima. Akiteleza, twapata misiba miwili: mtoto ameumia, na dada amebeba lawama isiyo yake. Na hata asipoteleza, masomo yake yamekwenda. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamlazimu mzazi kumpeleka mtoto shule. Lakini kumtisha mama kwa sheria bila kumwonyesha pa kumweka mchanga wake ni kumwongezea mzigo.

Dawa yake ni nyumba ya kulelea watoto mchana. Jambo hili si geni kwetu. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, watu wa vijiji vyetu walijenga shule nyingi za watoto wadogo kwa harambee. Na katika vijiji vya Bangladesh, ambako watoto wengi hufa maji, mwanamke mmoja wa kijiji aliyefundishwa huwalinda watoto wapatao 25 tangu saa 3 asubuhi hata saa 7 mchana, wakati mama zao wako kazini. Na vifo vya maji katika watoto hao vimepungua sana. Saa 4 za asubuhi zatosha kuokoa maisha, na zatosha mama kumaliza kazi ya shamba.

Twasema yafaa hapa vilevile. Nyumba iwe na ua uliofungwa, choo, na maji ya kunawa mikono. Moto na kisima viwe mbali. Awekwe mama mtu mzima mwenye subira, na msaidizi mmoja kwa zamu, maana watoto wachanga hawafai kuwa wengi mikononi mwa mtu mmoja. Kila mzazi alete kibaba cha unga kwa juma, na kitu kidogo cha kumshukuru mlezi. Mhudumu wa afya apite hapo na ukanda wake. Hivyo nyumba moja yawa kituo cha misaada yote tuliyoitaja, na mama hana haja ya kuitafuta mmoja mmoja.

Kabla ya kukaa chini, twaomba mambo matatu. Kwenu machifu: neneni na wakubwa wa zahanati ili siku ya chanjo iwe siku ya soko, au iletwe pale penye baraza, mama akienda kwa moja apate yote mawili. Kwenu walimu: andikeni majina ya wasichana wakosao shule kwa sababu ya kulea, mkampe chifu, orodha hiyo ndiyo itakayotuonyesha nyumba ya kulelea ijengwe wapi kwanza. Na kwenu akina baba: kijitabu cha kliniki hakikuandikwa kwamba mama peke yake ndiye akibebe. Baba aliyempeleka mtoto wake kupimwa hakupungukiwa na heshima, na mama amepata asubuhi moja ya kupumzika mgongo.

Tutakapokutana katika baraza lijalo, twaomba walimu waje na orodha ile, nasi tutaisoma hapa mbele ya wote, ili tuchague mahali na tuanze kukata miti ya kujengea.