Afya ya Macho Huanzia Zahanati

Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi katika baraza la afya



Katika vijiji vingi, mzee asiyeona huongozwa na mjukuu aliyeshika ncha ya fimbo. Mara nyingi mjukuu huyo ni wa umri wa kwenda shule. Mzee amepoteza shamba lake, na mtoto anapoteza masomo. Ilhali sababu kuu ya upofu nchini ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaotibiwa kwa upasuaji mfupi.

Wengi huamini kwamba macho hupimwa hospitali kubwa pekee. Sivyo. Muuguzi wa zahanati huanza kwa maswali: Tatizo lilianza ghafla au polepole? Jicho linauma? Kuna kisukari au presha? Limetiwa dawa gani? Mgonjwa aseme ukweli, hata kama alitia maziwa ya mama au majani. Hakuna atakayemgombeza.

Kisha muuguzi hupima uwezo wa kuona. Mgonjwa hukaa mita 6 kutoka kwenye chati na kufunika jicho moja, halafu la pili. Asiyejua kusoma huonyesha kwa mkono upande ambao herufi E imeelekea. Kila jicho hupimwa peke yake kwa sababu jicho zima huweza kuficha udhaifu wa mwenzake kwa miaka. Mwisho, muuguzi humulika kope, weupe wa jicho na mboni kwa tochi. Akiona shida iliyozidi uwezo wa zahanati, humwandikia mgonjwa rufaa.

Dalili hizi hazingoji kesho:

• Jicho jekundu lenye maumivu na kuona ukungu.
• Kupoteza uwezo wa kuona ghafla.
• Jicho lililochomwa au kupigwa.
• Mboni ya mtoto inayoonekana nyeupe. Huenda ni saratani, na akifikishwa mapema anaweza kuokolewa.

Saruji, maji ya betri au dawa ya kupe ikiingia jichoni, lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi kwa dakika 15 hadi 30, ndipo mgonjwa akimbizwe kituoni.

Nyumbani, watoto wanawe uso kila siku, kila mtu awe na taulo yake, na choo kitumike ili nzi wapungue. Hivyo ndivyo trakoma huzuiwa. Watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 wapewe vitamini A kila baada ya miezi 6. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka.

Dawa ya macho ya jirani isitumiwe. Baadhi zina steroidi, ambazo huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta glakoma. Uwezo wa kuona unaopotea kwa glakoma haurudi.

Kwa hivyo, mzee nyumbani akianza kujikwaa au kupapasa kikombe, asiambiwe ni uzee tu. Aletwe zahanati, na mjukuu arudi darasani.