Mzigo wa Tamasha Hupangwa kwa Ajili ya Usiku

Nasaha za Ofisa Afya wa Kata kwa vijana wanaojiandaa kwenda tamasha la mwaka mpya Kilifi, zilizotolewa katika mkutano wa hadhara wa kata



Mwaka unapokaribia kwisha, baadhi ya vijana wetu huvuka mpaka wa Horohoro, wakapita Mombasa hadi Kilifi, kwenye tamasha la Beneath the Baobabs, ambalo awali lilijulikana kama Kilifi New Year. Muziki hupigwa uwanjani chini ya mibuyu, na wageni wengi hulala katika mahema. Sikusimama hapa kuwazuia. Ngoma ni urithi wetu sote, watu wa pwani. Nimeombwa nizungumzie mzigo, na neno langu ni moja: mchana utapata kivuli, chakula na wenzako, lakini usiku utakuwa na kile tu ulichobeba. Basi mzigo upangieni usiku.

Tuanze na hema. Chagueni lenye tabaka mbili: la ndani liwe na wavu wa kuzuia mbu na kupitisha hewa, la nje lisipitishe maji. Hema la kitambaa kizito kisicho na madirisha litawageuka tanuri katika joto la kaskazi. Likiandikwa kuwa ni la watu watatu, lihesabuni kuwa la wawili na mabegi yao. Kabla ya kuondoka, lisimamisheni uani kwenu. Hesabuni vigingi, vuteni kila zipu, mwagieni maji juu yake muone kama linavuja. Kasoro inayoonekana nyumbani hushonwa kwa uzi na sindano. Inayoonekana usiku wa manane ugenini haina fundi. Mkifika, msilijenge bondeni maji yanakotuama, wala chini kabisa ya matawi ya mbuyu, kwa maana matawi makavu na mabuyu huanguka.

Asiye na uwezo wa kununua hema ashirikiane na wenzake, au achukue turubai, kamba na chandarua. Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Chandarua ambacho mama alipewa kliniki wakati wa ujauzito, au alichopewa mtoto alipopata chanjo ya surua, kisiondoke nyumbani. Kijana akikichukua kwa siku nne, amemwachia mdogo wake siku nne za mbu. Nunueni cha safari, nacho kitawafaa miaka mingi.

Mbu waenezao malaria huuma zaidi tangu jioni hadi alfajiri, saa zile zile muziki unapopamba moto. Kwa hiyo pakieni shati la mikono mirefu, suruali ndefu na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu. Dalili za malaria kwa kawaida huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa. Atakayepata homa wiki mbili au tatu baada ya kurejea asiseme ni uchovu wa safari. Aje zahanati apimwe, na amwambie mhudumu alikotoka.

Jambo la tatu ni moto. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema, hata likiwa linafifia, hata mvua ikinyesha. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo humuua mtu usingizini bila kumwamsha. Mshumaa nao na kitambaa cha hema havipatani. Chukueni tochi, ikiwezekana ya kuvaa kichwani, pamoja na betri za akiba.

Maji yana hesabu yake. Kwa joto la Desemba, mtu mmoja ajiwekee walau lita 3 za kunywa kwa siku. Kwa siku nne ni lita 12, yaani kilo 12 mgongoni. Hakuna haja ya kuzibeba kutoka huku. Bebeni dumu tupu la lita 5, vidonge vya kutibu maji na pakiti chache za ORS, kisha jazeni mkifika. Mwenye dawa anazotumia kila siku azichukue za kutosha, zikiwa katika pakiti zake.

Katika kufunga begi, vitu vya kulalia kama mkeka na shuka viwe chini. Vizito vikae katikati, karibu na mgongo. Hema na tochi viwe juu, kwa kuwa ndivyo vitakavyohitajika kwanza. Hati ya kusafiria na fedha zikae mwilini. Asiye na hati aende Ofisi ya Uhamiaji mapema. Wala msifunge nguo katika mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku tangu Agosti 2017, nasi Tanzania tangu Juni 2019, hivyo itawaletea taabu pande zote mbili za mpaka. Tumieni mifuko ya nguo, na mmoja uwe wa taka zenu. Mlipolala paacheni pasafi kama mlivyopakuta.

Ndugu zangu, spika ndogo na jozi ya tatu ya viatu vinaweza kubaki nyumbani. Hema, chandarua, tochi na dumu visibaki. Mwenye swali, au anayetaka kuoneshwa namna ya kushona chandarua kilichochanika au kutumia vidonge vya maji, anakaribishwa zahanati siku za kazi.

Nawatakia safari njema na mwaka mpya wenye afya.