Namna ya Kufumbua Fumbo la Gazetini

Mazungumzo yangu ya leo ni habari za fumbo la maneno, yaani ile miraba midogo ichapwayo katika gazeti, ambayo msomaji hutakiwa kuijaza herufi.

Mchezo huu si wa kale sana. Fumbo la kwanza la namna hii lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, Uingereza, likatokea katika gazeti la New York World, Marekani, tarehe 21 Desemba 1913. Lakini sisi tuliolelewa kwa vitendawili hatuwezi kuuita mgeni kabisa. Tofauti ni kwamba fumbo la gazeti lina shahidi wake, nalo ni neno linalokatiza. Herufi iliyo katika njia panda sharti ikubaliwe na maneno mawili, moja liendalo kulia na moja lishukalo chini.

Siku moja mwanafunzi wangu wa chuo cha ualimu, kijana wa hapa Likombe, aliniletea gazeti. Kidokezo kilisema: “Sehemu ya nyuma ya chombo, herufi 4.” Herufi ya kwanza ilikuwa T, kwa maana imekwisha pitiwa na neno MTO, ambalo kidokezo chake kilitaja Ruvuma. Sisi tukafikiri vyombo vya jikoni, tukaandika TAKO kwa wino. Kumbe herufi ya tatu ilikatizwa na “Tunda la mnazi lililokomaa.” Tukapata NAKI! Badala ya kujishitaki wenyewe, tukamshitaki mchapaji.

Hata nikamwambia akamwulize baba yake, baharia mzee. Kijana akasita, akasema, “Mwalimu, baba hakusoma.” Nikamhimiza aende. Jumatatu akarudi, akasema, “Mwalimu, baba amecheka sana. Chombo ni jahazi. Mbele ni omo, nyuma ni tezi.” Tukaandika TEZI, na NAZI ikakaa mahali pake.

Hapo niliona haya. Kwa miaka kumi nilikuwa nikifundisha methali isemayo, Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nami sikupata kujiuliza tezi ni kitu gani. Na yule kijana alikaribia kudhani kwamba baba yake hana neno la kumfundisha, kwa sababu hakusoma. Sote wawili tulikosa, na kosa langu ndilo kubwa.

Basi, yafaa mshike mambo haya. Kwanza, hesabuni herufi: shetri nayo ni nyuma ya chombo, lakini ina herufi 6. Pili, angalieni umoja na wingi. Kidokezo kikitaja vitu vingi, jibu nalo huwa katika wingi. Tatu, neno likiwa na maana mbili, zijaribuni zote mbili. Nne, andikeni kwa penseli, na neno linalokatiza likikataa, futeni bila kuona uchungu. Tano, neno msilolijua mwulizeni yule alitumiaye katika kazi yake: mvuvi, msusi wa ukili, au mkulima.

Gazeti lile ninalo hata leo. TAKO ingali pale kwa wino, na TEZI imeandikwa juu yake.

Kwa herini.