Uteuzi Kwanza, Kura Baadaye: Ramazani Shadary na Maniema ya Kusini



Emmanuel Ramazani Shadary, mwanasiasa wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mzaliwa wa Kasongo jimboni Maniema wa mwaka 1960, husimuliwa kama shujaa au kama kibaraka. Mimi naanzia kwenye barua zake za uteuzi.

Alisomea sayansi ya siasa Lubumbashi. Mwaka 1997, Mobutu alipoanguka, akawa makamu wa gavana wa Maniema, halafu gavana. Jimbo lenyewe lilikuwa changa, limemegwa kutoka Kivu mwaka 1988. Oktoba 1998 waasi wa RCD wakaiteka Kindu, makao makuu ya jimbo. Gavana akabaki na cheo, jimbo halipo mkononi. Kwa mwanasiasa wa kura, safari ingeishia hapo. Lakini cheo chake kilitoka Kinshasa, na Kinshasa haikutekwa.

Kura zikaja baadaye: aliingia Bunge la Taifa 2006, akarudi 2011, Kabambare ikiwa ngome yake. Tusiwadharau waliompigia. Tazameni njia ya Kasongo kwenda Kabambare mvua inaponyesha: baiskeli imebebeshwa mchele na madumu ya mawese hata haipandiki, mwenyewe amefunga kijiti kwenye usukani, anaisukuma topeni. Anajua daraja likibomoka, fungu la kulijenga liko Kinshasa. Basi humpeleka huko mtu ambaye wakubwa wanapokea simu yake.

Na simu zetu sisi watu wa Maniema zilipokewa! Mwenzetu Matata Ponyo alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 2012 hadi 2016. Thambwe Mwamba alishika mambo ya nje, kisha sheria. Desemba 2016 Shadary akapewa mambo ya ndani. Mama wa Rais wa wakati huo, Joseph Kabila, yaani Sifa Mahanya, ni Mbangubangu, wa jamii ya huku kwetu Kabambare. Meza ya mawaziri ilijaa watu wetu. Changarawe za barabarani, hizo tuliendelea kuzisubiri.

Wizara ile ya mambo ya ndani ilikuwa moto. Eneo la Kasai lilikuwa linaungua kwa mapigano, maandamano mijini yanazimwa kwa nguvu, na Mei 2017 Umoja wa Ulaya ukamwekea vikwazo. Wapo nyumbani waliosema kaonewa. Kwa maoni yangu, waziri wa mambo ya ndani hawezi kudai sifa za utulivu halafu akakana damu.

Uteuzi mkubwa kuliko yote ulikuja tarehe 8 Agosti 2018. Katiba ilimfungia Joseph Kabila mlango wa muhula mwingine, naye akamtaja Shadary kuwa mgombea urais. Kwa matokeo rasmi, ambayo Kanisa Katoliki liliyatilia shaka, alipata asilimia 23.84, nafasi ya tatu. Wakati huohuo muungano wake wa vyama, FCC, ulitangazwa kuzoa viti vingi zaidi bungeni. Wabunge wale kila mmoja alikuwa na vijiji vyake na deni lake kwa wapiga kura. Lakini nje ya Maniema, Shadary alikuwa na mdhamini mmoja tu, Kabila, na picha ya mdhamini huyo haikuwemo kwenye mashine ya kupigia kura.