Katalogi, Tamaa na Daftari la Nyumbani

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya matumizi ya fedha za nyumbani baada ya malipo ya mazao. Mada hii imekwisha kuzungumzwa mara nyingi. Kila mara mwanachama huhimizwa kuweka akiba, naye huitikia kwa kichwa, kisha huenda zake. Kwa hiyo leo nitapita njia nyingine. Nitazungumza juu ya kitabu cha bidhaa, yaani katalogi, na juu ya orodha ambayo mtu huiandika anapokipekua kitabu hicho: orodha ya vitu ambavyo angependa kuvinunua, au angependa kupewa zawadi. Katika mambo hayo mawili mna somo linalouhusu ushirika moja kwa moja.

Asili ya katalogi

Biashara ya kuagiza bidhaa kwa posta ni ya zamani. Mwaka 1861 mwuza nguo mmoja wa mji wa Newtown, Wales, jina lake Pryce Pryce-Jones, alianza kuwapelekea wateja wa mbali orodha ya flana zake, na kuwatumia mizigo yao kwa posta na kwa reli. Lakini habari inayotufaa zaidi sisi watu wa ushirika ni ya Marekani.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyokwisha mwaka 1865, wakulima wa Marekani walikuwa na kilio ambacho hata sisi twakijua. Walipouza mazao, bei ilipangwa na mnunuzi. Walipokwenda kununua jembe au nguo, bei ilipangwa na mwuzaji. Mwaka 1867 kikaanzishwa chama cha wakulima kiitwacho Grange, na moja ya shabaha zake ikawa kununua mahitaji kwa pamoja ili kuwaepuka watu wa kati.

Mwaka 1872 Aaron Montgomery Ward, ambaye alikuwa amezunguka vijijini akiuza bidhaa na kuyasikia malalamiko hayo, alitoa huko Chicago orodha yake ya kwanza. Haikuwa kitabu, ilikuwa karatasi moja tu yenye bidhaa 163. Yeye alinunua kwa fedha taslimu, akawauzia wakulima bila ya kupitia duka la mji. Wateja wake wa kwanza walikuwa wanachama wa Grange, naye alijitangaza kuwa ndiye mgavi wao. Mwaka 1875 akatoa ahadi kwamba asiyeridhika na mali atarudishiwa fedha yake.

Tuitazame ahadi hiyo kwa makini. Mtu anayenunua kitu asichokiona hana njia ya kukipima wala kukijaribu. Analolitegemea ni neno la mwuzaji. Mteja mmoja akidhulumiwa, anaweza kunyamaza. Lakini wateja waliomo ndani ya chama wakidhulumiwa, habari husomwa mkutanoni. Umoja wa wanunuzi ndio uliomfanya mfanyabiashara aone faida ya kuwa mwaminifu.

Jambo la pili lilihusu uchukuzi. Reli za Marekani zilitoza nauli ya mizigo kwa kima cha chini cha ratili 100. Aliyeagiza kitu cha ratili 20 alilipa sawa na aliyeagiza ratili 100. Kwa hiyo katalogi zenyewe ziliwashauri majirani waagize pamoja, mizigo yao ije mara moja, kisha wagawane nauli. Ndugu Makatibu, huo ni ushirika mtupu, hata kama hakuna aliyeuandikisha.

Huko Uingereza nako, mwaka 1871, maofisa wa jeshi la nchi kavu na la majini waliunda chama chao kilichoitwa Army & Navy Co-operative Society, ili wajipatie bidhaa kwa bei nafuu. Orodha zake za bei zilisafiri hadi India na makoloni mengine. Katika miji ya viwanda, kwa mfano Bradford, palikuwa na vyama vidogo vya kununulia saa: kila mtu alitoa kiasi kidogo kila juma, wakapiga kura nani atangulie kuipata saa yake. Sisi tungeuita upatu. Baadhi ya makampuni makubwa ya katalogi ya nchi ile yalichipuka katika vyama vya namna hiyo.

Kitabu cha matamanio

Baada ya Ward alifuata Richard Sears, aliyeanza mwaka 1886 kwa kuuza saa. Kampuni yake ya Sears, Roebuck ilikuja kuuza karibu kila kitu, hata nyumba: kati ya mwaka 1908 na 1940 iliuza nyumba zipatazo 70,000, mbao na misumari vikiletwa kwa reli, mwenyewe akajijengea. Husimuliwa kwamba Sears alikifanya kitabu chake kiwe kidogo kuliko cha Ward ili, mama wa nyumbani anapovipanga vitabu mezani, cha Sears kikae juu.

Mwaka 1933 kampuni hiyo ilitoa katalogi ya pekee kwa ajili ya Krismasi. Ndani yake mlikuwa na wanasesere, garimoshi la umeme la kuchezea, saa zenye picha ya Mickey Mouse, chokoleti, na hata ndege hai waimbao. Wasomaji waliipa jina la Wish Book, yaani Kitabu cha Matamanio, na mwaka 1968 kampuni yenyewe ikalichukua jina hilo rasmi. Kitabu kilipofika nyumbani, watoto walilala kifudifudi sakafuni wakafunua ukurasa baada ya ukurasa, wakakunja pembe za kurasa, wakatia alama kwa kalamu, kisha wakaandika orodha ya kuwapa wazazi. Kwa kuwa mzazi hakuweza kununua vyote, mtoto alilazimika kupunguza: kutoka vitu ishirini hadi kumi, kutoka kumi hadi vitatu. Huko kupunguza ndiko kulikokuwa na elimu. Mtoto alijifunza kwamba kutamani hakuna mpaka, lakini fedha ina mpaka.

Vitabu hivyo sasa vimetoweka. Ward aliacha katalogi mwaka 1985. Sears aliacha kitabu chake kikubwa mwaka 1993. Na Argos ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1973, iliacha kuchapa yake mwaka 2020. Hata hivyo katalogi haikufa. Imehamia ndani ya simu, na simu hizo zimo mifukoni mwetu.

Hatari iliyopo

Yatupasa tutambue tofauti. Katalogi ya karatasi ilikuwa na mwisho. Msomaji alifika ukurasa wa mwisho akaifunga. Kuagiza kulihitaji kujaza fomu, kupeleka hawala ya fedha posta, na kungoja. Katika kungoja huko tamaa nyingi zilipoa zenyewe. Katalogi ya simu haina ukurasa wa mwisho, na malipo hufanywa kwa vidole kabla moyo haujaulizwa mara ya pili. Tena yapo matangazo ya walaghai wasio na duka wala anwani, ambao hupokea fedha kisha hawapatikani.

Zaidi ya hayo, fedha ya mkulima haiji kila mwezi. Huja kwa msimu, nyingi kwa mara moja, na siku inapokuja ndiyo siku ambayo kila mwuzaji yuko macho. Mwanachama aliyevumilia miezi mingi hununua redio siku hiyo, na miezi miwili baadaye hukopa ada ya shule kwa riba. Hatuwezi kusema kuwa redio ni kitu kibaya. Kasoro ni kwamba aliichagua redio siku ambayo hakuna kitu kingine kilichokuwa mbele ya macho yake.

Orodha ya nyumbani

Kwa sababu hiyo napendekeza kila nyumba ya mwanachama iwe na daftari la matamanio. Daftari la kawaida la shule latosha. Likae mahali pamoja, na kila mtu wa nyumba ile awe na ukurasa wake: baba, mama, bibi, na kila mtoto ajuaye kuandika. Kanuni zake ziwe chache.

Kwanza, kila kitu kiandikwe pamoja na tarehe. Kitu kilichoandikwa mwezi wa tatu, ambacho mwezi wa tisa bado kinatamaniwa, hicho kina uzito. Kilichosahauliwa kifutwe, na mwenyewe ahesabu kuwa ameiokoa fedha yake.

Pili, bei iandikwe pamoja na gharama ya kukileta. Kitu cha bei ndogo chenye nauli kubwa si rahisi.

Tatu, iandikwe kazi ya kitu, na si sifa zake. "Taa ya kusomea usiku" ni maneno bora kuliko jina la kampuni, kwa maana kazi moja yaweza kufanywa na taa nyingi, nyingine kwa nusu ya bei.

Nne, daftari lisomwe na nyumba nzima juma moja kabla ya malipo ya mazao, na si baada yake.

Ndugu zangu, kanuni hii ya nne ndiyo iliyonifanya nikubali kuja kuzungumza. Katika nyumba nyingi malipo hutolewa kwa jina la mtu mmoja, lakini jasho ni la watu wengi. Mama aliyepalilia, akachuma, akaanika na kubeba, mara nyingi hana mahali pa kutaja anachokitaka. Akitaja kwa mdomo huonekana msumbufu. Akinyamaza huonekana hana haja. Ukurasa wenye jina lake humpa sauti bila ya ugomvi. Baba akisoma kwamba tangu mwezi wa pili mkewe ameandika pipa la kuhifadhia maji, hataweza kusema hakujua. Aweza kusema fedha haitoshi. Lakini hayo ni mazungumzo mengine, tena ya haki.

Juu ya zawadi

Wako watakaosema kuandika zawadi unayoitaka ni kinyume cha adabu, kwamba zawadi ni hiari ya mtoaji. Ni kweli kwamba kutoa ni moyo. Lakini tazameni arusi zetu. Maharusi huletewa chupa za chai nane na seti za vikombe sita, na hawana hata godoro. Watoaji walikuwa na moyo. Walichokikosa ni habari. Orodha si amri wala deni. Ni habari kwa yule ambaye tayari amekusudia kutoa, ili kidogo alicho nacho kifike panapostahili. Nao watu watatu wenye uwezo mdogo, wakiisoma orodha, huweza kuungana wakanunua kitu kimoja cha maana.

Ila orodha iwe na heshima. Iwe na vitu vya bei ndogo pamoja na vya bei kubwa, ili mgeni wa mkono mfupi asifedheheke. Wala isionyeshwe kwa asiyeiuliza.

Kazi ya katibu

Sasa nawageukia Ndugu Makatibu. Daftari la nyumba ni mali ya nyumba, na chama kisilichungulie. Lakini katika mkutano mkuu wanachama waweza kuombwa, kwa hiari yao, wataje vitu ambavyo wengi wanavitamani. Mkikuta nyumba thelathini zinataka taa za jua, au arobaini zinataka mabegi ya shule, hapo chama kina nguvu ambayo mtu mmoja mmoja hana. Ulizeni bei kwa wauzaji wasiopungua watatu. Ombeni mfano wa bidhaa, wajumbe waushike kwa mikono. Andikianeni na mwuzaji juu ya kurudisha mali mbovu kabla ya kulipa. Fedha ya kila mwanachama ipokelewe kwa stakabadhi, na mzigo ukaguliwe mbele ya mashahidi, ukilinganishwa na ankara, kabla ya malipo ya mwisho. Aidha, asilazimishwe mtu kuagiza, wala asikatwe mtu malipo yake ya mazao pasipo saini yake.

Hayo ndiyo waliyoyafanya wakulima wa Grange miaka mia moja na hamsini iliyopita kwa karatasi moja yenye bidhaa 163. Hawakuwa na tamaa chache kuliko sisi. Walizikusanya tamaa zao, wakazihesabu, wakaenda nazo sokoni kwa pamoja.

Nawaombeni basi, mkirudi vyamani, jambo hili mliweke katika ajenda ya mkutano utakaotangulia malipo ya msimu huu. Nanyi wanachama msingoje mkutano: daftari laweza kuanzwa usiku wa leo, na ukurasa wa kwanza apewe yule ambaye kwa kawaida haulizwi.