Nani anapima ushahidi kabla ya kesi?

Wababa, wamama na wazee wa Musonoi, mnatuuliza nani anaamua kesi iendelee. Huko Marekani, katika mahakama za taifa, raia 16 hadi 23 husikiliza ushahidi kwa siri. Wasipokubali 12, hakuna mashtaka. Kwetu Congo baraza hilo halipo, prokureri ndiye anachunguza. Kule The Hague majaji hupima. Mwaka 2011 walikubali kwamba waasi wa FDLR walitenda uhalifu wa vita huko Kivu, lakini wengi wao hawakuona ushahidi wa kutosha juu ya mchango wa Callixte Mbarushimana. Akaachiliwa. Inauma! Basi tuandike tarehe, mahali, na nani alitoa amri. Aliyesikia tu, aseme alisikia kwa nani.