Mwenye Hisa wa Bwera Aliambiwa Lini Auze?

Habari ya dola milioni 118 mmeshaisikia. Mwaka 2025 mkataba wa kampuni ya Umeme wa kusambaza umeme uliisha, serikali ikailipa fedha hizo, kampuni ikasema hazitoshi, ikadai zaidi ya milioni 200, na tangu Aprili Mosi mwaka huo nguzo na nyaya ziko mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali. Wanasheria wabishane. Sisi hapa Kasese linatukera jingine: mwenye hisa wa Bwera aliambiwa lini auze?

Kununua aliambiwa. Mwaka 2012 hisa za Umeme zilinadiwa kwa shilingi 275, na kanuni akafundishwa: nunua, tulia, kula gawio. Kanuni si mbaya, gawio lilikuja. Lakini chini yake palikuwa na mkataba huo wa miaka 20 ulioanza Machi 2005. Piga hesabu mwenyewe. Tarehe ya mwisho ilijulikana kabla mwananchi hajauziwa hata hisa moja! Mkataba ukiisha, gawio litoke wapi?

Aliambiwa lini auze? Madalali wa hisa wako Kampala. Matangazo hutoka Kampala, kwa Kiingereza, kwenye magazeti ambayo Mpondwe tunayapata yakiwa yamefungia samaki. Habari ya kununua hupandishwa gari mpaka milimani, habari ya kuuza hubaki Kampala.

Mchuuzi wa kahawa pale mpakani hangoji kuambiwa. Bei ikiyumba kidogo, hababaiki. Akisikia mnunuzi wake amefunga ghala, gunia linatoka siku hiyohiyo. Mwenye hisa naye asikimbizwe na bei ya wiki moja; aangalie kama kile kilichomfanya anunue bado kipo.

Wengi wenu mna hisa za MTN, mlizonunua mwaka 2021 kwa shilingi 200. Leseni yake ya mwaka 2020 ni ya miaka 12. Nani amewaambia?

Basi walimu, wauguzi, chukueni kalamu leo! Kando ya kila hisa andikeni: nilinunua kwa nini, na kitu gani kikitokea natoka. Wenyekiti wa SACCO, mkutano mkuu ujao msisome gawio tu, someni na mwaka wa leseni. Na nyinyi madalali, mnajua njia ya kuja kuuza. Njoni Bwera siku ya soko, na vipaza sauti vilevile, mseme kwa Kiswahili, mseme kwa Lukonzo, na safari hii mseme lini tutoke!